Chai Kabla ya Misa

Jumapili ya Pasaka, 9 Aprili 1944

Mvua tangu alfajiri. Katika Misa ya saa mbili walikuwepo waumini wangu arobaini na mmoja, pamoja na askari kutoka kambini ambao Bwana Pollard, mtumikiaji wangu wa altare mwenye umri wa miaka sabini, alishindwa kuwahesabu. Kanisa letu la mabati lilijengwa kwa watu sitini, na kwa miaka mingi sitini hawajapata kutimia, kwa kuwa kijiji kizima cha Nether Arle husali kwa Waanglikana juu ya kilima. Leo askari walisimama hadi nje kwenye bustani ya kabichi.

Wanaimba vizuri kuliko nilivyotazamia, na wanajibu Kilatini vibaya kuliko nilivyoogopa. Nilifundisha seminarini miaka thelathini na mmoja. Nimeletwa hapa Septemba iliyopita kwa sababu mapadre vijana wamekwenda vitani, na bado sijazoea watu wanaosali bila kitabu mbele yao.

Bati la juu ya mimbari linavuja. Tone lilianguka katikati ya homilia yangu. Homilia naziandika nyuma ya barua za zamani, maana karatasi hazipatikani, na wino ulichuruzika hadi nikapoteza sentensi mbili.

Baada ya Misa mtunza nyumba wangu, Bi Honoria, aliwagawia askari chai. Mmoja wao, koplo mwenye mikono mikubwa, alinifuata.

"Padre, bati lako limeliwa na kutu penye misumari."

"Natambua."

"Kutambua hakuzibi, Padre."

Anaitwa Wilfrid Swarbrick. Ni fundi bomba wa Preston. Amesema atarudi na lami.

11 Aprili

Mvua. Ndoo chini ya mimbari.

Jumamosi, 15 Aprili

Koplo Swarbrick amekuja na kopo la lami ambalo sikumwuliza amelipata wapi. Nilikuwa nasali Vesperi, sala ya jioni, wakati anagonga. Nilipofika mwisho wa zaburi, aliitikia kutoka juu ya bati, kwa Kilatini, bila kosa. Nilitoka nje nikamtazama.

"Nilikuwa mtumikiaji miaka kumi, Padre," alisema, msumari mdomoni. "Kichwa kimesahau, mdomo haujasahau."

Bi Honoria alikuwa ameshika ngazi. Yeye hana subira ya kungoja mambo yajitokeze yenyewe. "Basi mbona Jumapili hukupanda kupokea Komunyo? Nilikuona. Ulikaa kama gunia."

"Shika ngazi, Bi Honoria."

"Nimeshika. Jibu."

"Miaka tisa sijapiga magoti pale. Ukitikisa ngazi itakuwa kumi."

16 Aprili

Swarbrick alisimama karibu na mlango, akatoka kabla ya Komunyo. Mvua ilinyesha. Mimbari kavu.

20 Aprili

Magari ya jeshi yamepita mchana kutwa. Vumbi juu ya altare.

Jumamosi, 22 Aprili

Swarbrick amerudi kuziba upande wa pili, kisha Bi Honoria akamlazimisha aingie jikoni ale mayai ya unga wa kopo. Nilikuwepo. Aliyoyasema aliyasema mezani, nje ya maungamo, kwa hiyo naweza kuyaandika.

Miaka tisa iliyopita mke wake alijifungua mtoto wa kike. Mtoto aliishi saa tano. Wakunga walikuwa wanahangaika na mama aliyekuwa anapoteza damu, na hakuna aliyekumbuka kumbatiza. Padre wa parokia yao alisema kwamba asiyebatizwa hazikwi katika ardhi iliyobarikiwa. Mtoto akazikwa ng'ambo ya ukuta wa makaburi, penye miiba.

"Nilimwuliza padre ukuta ule una unene gani," alisema Swarbrick. "Mimi ni fundi, napenda vipimo. Akaniambia ni sheria."

Bi Honoria alikuwa amegeuka kuelekea jiko na hakugeuka tena.

Nilimwambia kwamba padre yule alitenda kwa mujibu wa sheria.

"Najua, Padre," akasema. "Ndiyo maana sikumpiga."

Alipoondoka, Bi Honoria aliosha sahani ile ile mara mbili. Nilimweleza kwamba sheria ya maziko si ukatili, kwamba Kanisa haliwezi kutangaza lisilolijua. Alisema, "Ndiyo, Padre." Ana namna ya kulitamka neno "ndiyo" inayoumiza kuliko "hapana".

Jumamosi, 29 Aprili

Maungamo, saa tatu mfululizo. Siandiki lolote kuhusu maungamo, wala idadi wala nyuso. Nitaandika hili tu: jioni Bi Honoria alimkuta Koplo Swarbrick kwenye benchi la nje, kofia mkononi, naye akamwambia, "Kesho nitapanda, Bi Honoria." Alikuwa ameshamwandikia mkewe barua ya kumjulisha.

Jumapili, 30 Aprili

Asubuhi njema, anga safi. Dakika kumi kabla ya Misa nilikuwa sakristia, chumba cha mavazi, nimeshavaa, Swarbrick akabisha hodi. Alikuwa amenyoa hadi ngozi imekuwa nyekundu.

"Padre, kuna jambo. Nilikuwa zamu ya ulinzi mpaka saa kumi alfajiri. Sajini alileta chai, nikanywa. Nilikuwa nimeshika kikombe kabla sijakumbuka."

Nilimwuliza kama alikunywa yote.

"Nusu. Halafu nikakumbuka. Nikaona nimalize tu, maana nusu na nzima ni sawa."

Hapo alikuwa sahihi. Anayepokea Komunyo hali wala hanywi tangu usiku wa manane, hata maji. Nilimwambia kwamba leo haiwezekani, na kwamba namsifu kwa kusema kweli. Nilimwambia aje Jumapili ijayo akiwa amefunga.

"Jumapili ijayo sijui nitakuwa wapi, Padre."

"Hakuna mtu ajuaye. Sheria ni ile ile kwetu sote."

Aliizungusha kofia yake mara moja. "Ningenyamaza ningepata," alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma kipimo. Kisha akatoka kwa mlango wa nje, wala hakuingia kanisani.

Niliadhimisha Misa bila wasiwasi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijiona nimelinda kitu.

Jumapili, 7 Mei

Askari wengi wako mazoezini. Swarbrick hakuonekana.

8 Mei

Jalidi usiku kucha, umande wote umeganda. Maua ya mitufaha yote yameungua, ya kwangu na ya kasisi wa Kianglikana pia. Tulisimama kila mmoja upande wake wa uzio tukatazama, tukakubaliana kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 14 Mei

Askari wamerudi, Swarbrick hayumo. Nilimwuliza mwenzake mmoja, akaniambia, "Yupo kambini, Padre. Anasema kanisani kwenu chai ni kali mno." Wenzake wakacheka, kisha wakaona uso wangu wakaacha.

Bi Honoria ananihudumia chakula kama mtu anayelisha farasi wa jirani. Leo nilimwuliza ana nini.

"Sina kitu, Padre."

"Bi Honoria."

"Miaka tisa, Padre. Mtu katembea miaka tisa kufika pale mlangoni, nawe ukamrudisha kwa nusu kikombe."

Nilimkumbusha kwamba kilikuwa kikombe kizima. Aliondoka mezani na chumvi.

Alhamisi, 18 Mei, Kupaa kwa Bwana

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitafuata utaratibu wa mambo yalivyotokea.

Baada ya Misa alikuja Padre Heffernan, padre mpya wa jeshi hapa kambini, kuomba hostia, mikate ya Komunyo, na divai. Alikuwa mwanafunzi wangu. Bado ananiita Mwalimu, na bado anakaa kwenye kiti kwa pembeni.

"Hostia zinaniishia haraka, Mwalimu. Vijana wanapokea kila siku sasa. Jana niliwakomunisha wote baada ya kifungua kinywa."

Nilimwuliza kama nimesikia vizuri.

"Baada ya kifungua kinywa," alirudia. "Uji na nyama."

Nilimwambia kwamba katika mtihani wa sheria za Kanisa nilimpa alama arobaini na nilikuwa nimemhurumia. Alicheka, kisha akaniona sicheki.

"Mwalimu, askari wameruhusiwa. Kwa sababu ya vita. Baba Askofu aliwaandikia maparoko wote mwezi wa Desemba, ili hata wanaokuja kwenye makanisa ya vijijini wasizuiwe. Hukupata barua?"

Nilisema sikuipata. Niliposema hivyo niliamini ninasema kweli.

Alipoondoka niliketi, kisha nikaenda kwenye sanduku la homilia. Nilizigeuza moja moja. Ya tatu kutoka juu ilikuwa homilia ya Pasaka, ile iliyodondokewa na maji. Upande wa pili ulikuwa na muhuri wa Askofu na maneno "ukurasa wa pili". Nilikumbuka ukurasa wa kwanza: ulihusu makusanyo ya vyuma chakavu na kuziba madirisha usiku ndege zisione taa, ukachosha. Niliuacha bila kufika mwisho, na karatasi ya pili, iliyokuwa nyeupe na nzuri nyuma yake, nikaitia kwenye mafungu ya kuandikia.

Aya ya nne. Askari, popote wasalipo, waweza kupokea hata kama wamekula au kunywa. Imeandikwa kwa lugha safi ambayo hata mimi singeweza kuirekebisha.

Nyuma yake, kwa mkono wangu, kuna homilia juu ya utii.

Nilimwita Bi Honoria nikamsomea. Nilitazamia aseme jambo. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu nifike, akasema, "Masikini Padre." Ningeona nafuu kama angenigombeza.

19 Mei

Baiskeli ina pancha. Bwana Pollard ataitazama kesho.

Jumamosi, 20 Mei

Maili sita hadi kambini, upepo wa mbele. Mlinzi alinitazama nilivyohema, akasema, "Mzee, umekuja kujiandikisha?" Nilimwomba aniitie Koplo Swarbrick wa kikosi cha wahandisi.

Alikuja, akasimama upande wake wa kizuizi, mikono nyuma.

"Koplo, nilikosea," nilisema. Nilikuwa nimetayarisha sentensi ndefu njiani, ikanipotea. "Ruhusa ilikuwepo tangu Desemba. Ilikuwa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimeandika nyuma yake."

"Kwa hiyo siku ile ningeweza kupokea."

"Ungeweza."

Alitikisa kichwa polepole. "Na kule Preston, Padre? Labda na kule kulikuwa na barua, mtu kaandika nyuma yake."

Alinitazama, na nilielewa kwamba hakuwa anafanya mzaha hata kidogo. Ningeweza kusema "labda". Neno hilo lilinifika mdomoni.

"Hapana," nilisema. "Kule hakukuwa na barua."

"Asante kwa kunijibu kweli," akasema, na akageuka.

Nilimwita tena. Nilimwuliza jina la mtoto.

"Nimeshakwambia hakubatizwa."

"Sikuulizi ubatizo. Mama yake alimwita nani?"

Mlinzi alikuwa anatazama viatu vyake. Lori mbili zilipita kati ya Swarbrick na kibanda cha mlinzi.

"Agnes," alisema. "Padre yule hakuniuliza." Kisha akaenda zake.

Nilirudi upepo ukinisukuma, nikaona aibu kwa wepesi wake.

Jumapili, 21 Mei

Badala ya homilia niliwasomea waumini ukurasa wa pili wa barua ya Baba Askofu, nikawaambia ilikuwa wapi miezi mitano. Askari mmoja alisema "Loo!" kwa sauti. Bwana Pollard alidondosha kengele.

Jumatatu, 22 Mei

Kwa siku mbili nimetafuta katika vitabu vyangu vyote ninachoweza kumfanyia mtoto Agnes Swarbrick. Siwezi kumwombea Misa ya wafu. Siwezi kumwandika katika daftari lolote la Kanisa. Lakini katika Misa kuna mahali pawili ambapo padre hunyamaza na kutaja majina moyoni: kabla ya kugeuza mkate, kwa ajili ya walio hai, na baada yake, kwa ajili ya waliolala. Sala ya waliolala inasema wazi kuwa ni wale waliotutangulia wakiwa na alama ya imani, yaani ubatizo. Yeye hakuwa nayo. Sitayapindisha maneno.

Basi jana na leo nimemtaja kati ya walio hai. Nimesoma sala ile mara nyingi leo. Sijaona mahali inapomzuia.

Ijumaa, 26 Mei

Kambi imefungwa kwa seng'enge. Haingii mtu wala hatoki. Nilipeleka hostia za Padre Heffernan, zikapokewa langoni kwa ncha za vidole kama kwamba nina ndui.

Jumapili ya Pentekoste, 28 Mei

Waumini thelathini na wanane. Hakuna askari hata mmoja. Benchi zimekuwa ndefu. Jua kali, na lami juu ya bati ilinuka wakati wote wa Misa.

30 Mei

Radi na mvua ya mawe. Mimbari kavu.

Ijumaa, 2 Juni

Asubuhi saa nne msafara wa magari ulianza kupita kuelekea baharini, na saa tano ukasimama. Kuna gari lililoharibika mbele penye daraja. Lori zilijipanga kutoka daraja hadi kupita kanisa letu, injini zimezimwa, kila moja imejaa watu. Kijiji kizima kilitoka. Bi Honoria alibeba ndoo ya chai mkono mmoja na vikombe vyetu vyote kwenye aproni.

Nilivaa stola shingoni, nikachukua siborio, chombo cha hostia, nikatoka.

Askari polisi alinizuia. "Mzee, rudi nyuma. Hakuna kuzungumza na askari."

"Yule mama unamruhusu."

"Yule anagawa chai."

"Nami nagawa," nilisema. Alitazama siborio, akavua kofia, akajishughulisha na pikipiki yake.

Katika kila lori nilifanya hivi: niliwaambia Wakatoliki watubu moyoni, nikawapa wote ondoleo la dhambi la pamoja, nikakomunisha waliotaka. Walikuwa wanatafuna mkate. Walikuwa na vikombe mkononi. Mmoja aliuliza, "Padre, nimekula soseji, nifanyeje?" Nikamwambia, "Meza kwanza." Sikuwahi kusema maneno hayo katika miaka arobaini na mitatu ya upadre. Hostia zilipoanza kupungua nilizikata nusu, kisha robo.

Swarbrick alikuwa katika lori la tisa, ameketi ukingoni kwa nyuma, na kikombe chetu chenye mstari wa samawati.

"Nimekunywa, Padre," alisema kabla sijafungua mdomo. "Sasa hivi. Na Bi Honoria katia sukari."

"Naona."

Hakucheka. "Na yule mtoto?"

"Nimemtaja altareni kila asubuhi tangu uliponipa jina lake. Yumo katika kumbukumbu ya walio hai."

"Walio hai?"

"Sala ya waliolala ina sharti ambalo hakuwahi kulitimiza. Ya walio hai haina ukuta. Nimeipima."

Mbele, penye daraja, injini ziliwaka, moja baada ya nyingine, sauti ikija kwetu. Swarbrick alikunywa chai yote iliyobaki kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo kwa nyuma ya kiganja, akavua kofia ya chuma.

Lori lilianza kwenda. Nilitembea nalo, mkono mmoja umeshika ubao wa nyuma, mwenzake mmoja akinishikia siborio kutoka juu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Nilimpa Swarbrick robo ya mwisho ya hostia. Aliipokea akiwa amefumba macho. Mwenzake akanirudishia siborio, na Swarbrick, alipofumbua macho, akanipa kikombe.

"Mpe Bi Honoria," alisema. "Mwambie nimepanda."

Nilibaki katikati ya barabara, siborio tupu mkono huu na kikombe mkono ule, mpaka dereva wa lori lililofuata aliponipigia honi. Vidole vilivyokuwa vimegusa Mwili wa Bwana nilikuwa nimevishikisha kikombe cha chai kabla ya kuvitakasa. Naliandika hapa kwa kuwa ni kosa, na nitaliungama.

Bi Honoria hakukiosha kikombe. Amekiweka rafuni.

Jumapili ya Utatu, 4 Juni

Leo ndiyo siku ya mwisho ya wajibu wa Pasaka, wa kila Mkatoliki kupokea Komunyo walau mara moja kwa mwaka. Upepo mkali kutoka baharini. Waumini thelathini na sita.

Jumanne, 6 Juni

Ndege tangu kabla ya mapambazuko, nyingi hata mabati yakawa yanatetemeka. Saa tatu u nusu niliusoma uso wa Bi Honoria tu, nikajua redio imetangaza kwamba majeshi yetu yametua Ufaransa. Tulipiga magoti jikoni, yeye, mimi na Bwana Pollard ambaye magoti yake hayapigiki.

Alhamisi, 8 Juni, Sikukuu ya Mwili wa Bwana

Hakuna habari za mtu yeyote. Mvua nzito, na bati halikuvuja hata tone.

Katika Misa, kwenye kimya cha kwanza, nilikaa muda mrefu hata Bwana Pollard akakohoa. Baada ya Misa aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia nilikuwa na majina mengi. Nilimtaja Agnes, na baada yake nikamtaja Wilfrid, katika sala ile ile ya walio hai. Nitaendelea kumtaja humo. Posta imefika leo, nimeisoma yote hadi mwisho, kila ukurasa, na hakuna barua inayoniambia vinginevyo.